Kodi ya Bonde Isimeze Jasho la Mlimaji

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa pwani ya Kilwa na Lindi)



Kila mwaka masika yanapokwisha na kusi inapoanza kuvuma, watu wa pwani iliyo kati ya Kilwa na Lindi huyageukia mabonde. Mashamba ya vilimani yamekwisha kutoa yaliyonayo, udongo wake umeanza kupasuka kwa jua, na unyevu umebaki kandokando ya vijito na mahali ambapo maji hupatikana kwa kuchimba kina kifupi tu. Hapo ndipo mchicha, bamia, nyanya, bilinganya na matembele hulimwa, na hapo ndipo hupatikana kitoweo cha mboga mpaka mvua za mwisho wa mwaka zirudi. Katika mahali kama Kiswere, penye ghuba, mikoko na minazi, ardhi ya namna hiyo ni haba kuliko idadi ya watu wanaoihitaji. Bonde lina wenyewe, na asiye na bonde hukodi.

Mazungumzo haya yanahusu kodi hiyo. Huenda mtu akauliza: Je, kodi ya robo eka ya mchicha ni jambo la kuwashughulisha watu wenye vyeti na ofisi? Jibu ni kwamba ndiyo, tena kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwalimu au mganga aliyehamishiwa kijijini asikozaliwa hana shamba la babu wala la mjomba. Akitaka kulima hana budi kukodi. Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba mwalimu huyo na mganga huyo ni miongoni mwa watu wanaoipandisha kodi yenyewe. Sababu hii ya pili husemwa mara chache, kwa hiyo inafaa isemwe leo.

Kwanza ni vema kukumbuka desturi ilivyokuwa. Wazee wa pwani walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutajwa mara nyingi kuwafukuza wavivu, lakini ina upande wa pili ambao husahauliwa. Mgeni hapewi jembe ili alitazame. Hupewa jembe pamoja na mahali pa kulitia. Katika sehemu nyingi za pwani mgeni aliyeomba shamba la chakula alipewa, akatoa shukrani baada ya mavuno, kikapu cha mtama au cha mpunga, kuonyesha kwamba anamtambua mwenyeji wake. Alikatazwa jambo moja tu, kupanda miti ya kudumu. Mnazi au mwembe hukaa miaka mingi kuliko aliyeupanda, na pwani mti ni ushahidi wa haki. Ndiyo maana hata leo huweza kukutwa mtu mwenye minazi juu ya ardhi isiyo yake, na mwingine mwenye ardhi chini ya minazi isiyo yake. Desturi hiyo ilijua kutenganisha kitu kilichokuwapo na kitu kilicholetwa na mkono wa mtu.

Kikapu cha shukrani kimegeuka kuwa fedha taslimu, na fedha hiyo imezidi kupanda. Mageuzi hayo yana sababu zake. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata baadaye. Safari ya kusini, ambayo zamani masika yaliweza kuikatiza kwa majuma mengi, ikawa safari ya siku moja. Njia ikifunguka, mnunuzi hufika. Mnunuzi akifika, udongo hupata bei. Ufuta wa mkoa wa Lindi, ambao zamani uliuzwa mmoja mmoja kwa walanguzi, umeingizwa katika utaratibu wa stakabadhi ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Jambo hilo ni jema kwa mkulima, lakini pia limewafanya watu wengi wa mijini watafute ardhi ya kulima ufuta. Kisha mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa katika bonde la Ihefu, huko Usangu, walielekezwa katika mikoa ya kusini, Lindi ikiwamo, na mifugo yao ikahitaji malisho na maji. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Watu wanaoigombea wameongezeka, na kila mmoja ana haja yake.

Hayo yote hayatoshi kueleza kodi ya bustani. Ipo sababu nyingine, nayo imo ndani ya bustani yenyewe. Hebu uchukuliwe mfano, na hesabu zake ziwe za mfano tu.

Mwalimu amekodi robo eka ya bonde kwa Sh. 40,000 kwa kiangazi kimoja. Amelikuta bonde ni magugu na matete. Amefyeka, amechimba kisima, amejenga uzio wa kuzuia mbuzi, amebeba samadi kichwani na kwa baiskeli, ameinua matuta. Kufikia mwisho wa msimu bustani inapendeza, na kila apitaye njiani huisifu. Mwaka wa pili mwenye bonde anasema kodi ni Sh. 80,000, kwa sababu bustani sasa ni nzuri.

Swali ni hili: nyongeza ya Sh. 40,000 imetoka wapi? Ikiwa bei za vitu vyote zimepanda kwa sehemu moja ya kumi katika mwaka huo, basi ni haki kodi nayo ipande kwa Sh. 4,000, kwa maana mwenye bonde naye hununua sukari na sare za shule dukani kama mtu mwingine. Zinabaki Sh. 36,000. Hizo hazikutoka mbinguni pamoja na mvua, wala hazikuletwa na mwenye bonde, ambaye hakushika jembe. Zimetoka katika kisima, katika samadi na katika uzio. Mlimaji anatozwa kodi ya jasho lake mwenyewe, na kadiri anavyozidi kutoka jasho ndivyo anavyozidi kutozwa.

Mtu mwenye akili akishaona hesabu hiyo hufanya nini? Huacha kutia samadi. Hachimbi kisima kirefu, hajengi uzio imara, hapumzishi ardhi. Hulima kama mtu anayejua kwamba mwakani atafukuzwa, akakamua anachoweza kukamua na kuondoka. Mwaka wa nne mwenye bonde hurudishiwa udongo uliochoka na kisima kilichofukiwa. Kodi iliyopandishwa ili imtajirishe imemrudishia umaskini, na kijiji kizima kinanunua nyanya zilizosafirishwa kutoka mbali.

Suala hili la kutenganisha ardhi na jasho ni la siku nyingi katika nchi yetu. Wakoloni wa Kijerumani, kwa amri ya mwaka 1895, walitangaza kwamba ardhi yote waliyoihesabu kuwa haina mwenyewe ni mali ya dola yao. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1923, waliiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana. Ilipofika mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilikuwa na mapendekezo ya kuwawezesha Waafrika kumiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza, na ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipoandika makala yake kuhusu mali ya taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kupingwa. Ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote; mtu akiifyeka na kuitengeneza, kilicho chake ni kule kuifyeka na kuitengeneza. Udongo wenyewe hakuuumba yeye.

Baada ya Uhuru hoja hiyo iliingia katika sheria. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi usio na ukomo ulioachwa na wakoloni ulifutwa, ukageuzwa kuwa upangaji kutoka kwa Serikali. Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kuwakomboa wapangaji wa Nyarubanja huko Bukoba, ambao kwa vizazi vingi walilima migomba na kahawa juu ya ardhi ya mabwana na kuwalipa ushuru. Na mwaka 1968 sheria nyingine ikapanua ukombozi huo kwa upangaji wa kimila wa namna hiyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa kuwa lilitambua kwamba kipato cha kodi humfanya mtu aishi kwa kazi ya mwenzake.

Majirani wametoa mafunzo pia. Zanzibar, kabla ya mwaka 1964, wakulima wengi wasio na ardhi waliruhusiwa kupanda mihogo na mboga chini ya mikarafuu, na malipo yao yalikuwa kuipalilia mikarafuu hiyo. Hapakuwa na maandishi. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, uhasama wa siasa ulipoingia mashambani, wenye mashamba walianza kuwafukuza wakulima hao, na watu waliolima mahali pamoja kwa miaka mingi wakagundua kwamba hawana haki hata ya msimu mmoja. Uchungu huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotangulia Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na baada yake ardhi ilitaifishwa na wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Mombasa nako kumekuwa na utaratibu wa nyumba bila ardhi: mtu amejenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na hulipa ijara. Ijara ikipandishwa, mwenye nyumba hawezi kuibeba nyumba kichwani akahama. Hali yake ni moja na ya mlimaji wa bonde, ambaye hawezi kukibeba kisima.

Hata nchi zenye viwanda zimelazimika kulitazama jambo hili. Ujerumani, ile ile iliyoitangaza ardhi ya pwani hii kuwa ya dola yake, ina wakazi wengi wa mijini wanaokodi viwanja vidogo vya bustani. Sheria ya mwaka 1983 iliwawekea wenye ardhi ukomo wa kodi, na tangu mwaka 1994 ukomo huo umehesabiwa kuwa mara nne ya kodi inayotozwa mahali hapo kwa ardhi ya kilimo cha matunda na mboga. Sheria hiyo hiyo inampa mkulima wa bustani haki ya kufidiwa mimea aliyoipanda, mwenye ardhi anapomwondoa pasipo kosa lake. Ikiwa Wajerumani wameona kwamba bustani haiwezi kuachwa mikononi mwa soko peke yake, Kiswere haina sababu ya kuona haya kulijadili jambo hilo.

Ndugu watumishi, mpaka hapa mazungumzo yamekuwa matamu masikioni mwa anayekodi. Sasa inafaa yafike upande wake.

Katika bonde hilo hilo yumo mwanamke wa kijijini, huenda ni mjane, ambaye kwa miaka kadhaa amelima pembe moja kwa desturi ya kikapu. Hana mshahara. Fedha yake hupatikana baada ya mavuno, ikipatikana. Mtumishi mwenye mshahara anafika kwa mwenye bonde mwezi wa Mei, anatoa fedha taslimu ya msimu mzima, tena anaongeza kidogo ili asikataliwe. Mwenye bonde anazipokea. Mwaka unaofuata mtumishi wa pili anatoa zaidi ya yule wa kwanza. Mwanamke yule anaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mwaka huu pembe yake ina mtu. Hakuna aliyevunja sheria wala aliyetoa tusi, lakini mtu aliyekuwa akilima mboga zake sasa anazinunua, na huenda anazinunua kwa mtumishi yule yule.

Wapo pia watumishi wasiokodi kwa ajili ya mboga. Hukodi eka nyingi za ufuta kwa bei ya chini, katika miezi ya njaa kabla ya mavuno, wakati mwenye shamba ana shida na hawezi kujadiliana kwa utulivu. Baada ya mnada wao ndio huwa wa kwanza kulalamika kwamba mwenye shamba ana tamaa, kwa sababu mwaka wa pili ameshtuka na kupandisha kodi. Mtu huyo hana haki ya kulia. Alichokipanda mwaka wa kwanza ndicho anachokivuna mwaka wa pili.

Mwenye bonde naye asihukumiwe kama kabaila. Wenye mabonde wengi wa pwani ni wazee wasioweza tena kushika jembe, ni wajane, ni watu ambao kipande hicho ndicho pensheni yao. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria za ardhi za mwaka 1999 zimekubali kwamba haki katika ardhi ina thamani, na thamani hiyo izingatiwe katika makubaliano. Mzee akidai malipo kwa ardhi yake hakosei. Linalotakiwa ni kodi yenye kipimo, ambayo mwenye ardhi anaweza kuieleza mbele ya watu bila kuinamisha kichwa.

Kipimo hicho kitapatikanaje? Yapo mambo matano yaliyo ndani ya uwezo wa kijiji chochote, na kwa kila moja mwalimu na mtumishi wana kazi ya kufanya.

Kwanza, makubaliano yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja inatosha: majina ya pande mbili, mipaka, kodi, muda, na mashahidi wawili. Mwalimu anajua kuandika. Aiandike karatasi hiyo, aisome kwa sauti, na amwachie mwenye bonde nakala yake. Asiitumie elimu yake kumwekea mzee kipengele asichokielewa.

Pili, muda uwe wa misimu kadhaa, mathalani mitatu au minne, na kodi ya misimu hiyo ijulikane tangu mwanzo. Ikibidi ipande, ipande kwa kiasi kilichokubaliwa na kwa taarifa ya msimu mmoja kabla. Mlimaji anayejua kwamba yupo kwa miaka mitatu atatia samadi. Mwenye bonde atarudishiwa ardhi iliyonona.

Tatu, jasho lihesabiwe peke yake. Kisima, uzio na matuta viandikwe kwamba vimetengenezwa na nani. Mlimaji akiondolewa kabla ya muda, afidiwe. Akimaliza muda wake, aviache bila manung'uniko, maana amekwisha kuvitumia. Kuhusu miti, desturi ya zamani bado ina busara: asiye mwenye ardhi asipande mti wa kudumu bila ruhusa iliyoandikwa.

Nne, jambo hili lifikishwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji kuisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Sheria hiyo imeunda pia baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, kwa ajili ya kusuluhisha migogoro. Mkutano mkuu unaweza kuzungumza waziwazi juu ya kiasi cha kodi kinachofaa kwa robo eka ya bonde, ukakiweka kuwa kipimo cha watu wote. Kodi inayopangwa gizani kati ya mtu mwenye shida na mtu mwenye fedha daima itamwelemea mmojawapo. Ikipangwa mchana, hata mjane asiye na mshahara atasikika.

Tano, pale ambapo kijiji kina ardhi isiyotumika karibu na maji, kitenge eneo la bustani kwa ajili ya wageni wanaokuja kukitumikia. Hili si jambo geni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ziwe na mashamba yake. Siasa ni Kilimo ya mwaka 1972 na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliyofuata zilitaka hata watu wa maofisini washike jembe. Ikiwa watumishi watapata vipande vyao katika eneo hilo kwa malipo madogo yanayoingia katika mfuko wa kijiji, hawatakuwa tena washindani wa yule mwanamke wa bondeni. Tahadhari ni moja: shamba la shule libaki la shule. Mwalimu asilikwepe tatizo la kodi kwa kuwalimisha watoto wa watu bustani yake ya nyumbani.

Ndugu walimu na ndugu watumishi, msimu wa bustani hauanzi siku ya kupanda mbegu. Huanza siku watu wawili wanapoketi chini ya mwembe kupatana. Siku hiyo mtumishi ana mambo matatu ya kujiuliza kabla hajafungua mkoba: kipande hiki kililimwa na nani mwaka jana, yeye atalima wapi mwaka huu, na kodi hii, ikitangazwa mkutanoni, itasikikaje? Akipata majibu ya kumridhisha, alipe, apewe karatasi yake, alime kwa bidii. Akikosa, atafute kipande kingine, au alipeleke jambo hilo kwa halmashauri ya kijiji kabla kusi haijakausha bonde.